Profesa Tepu na Sauti ya Mnadi

Profesa Tepu alikuwa amechoka. Usifikiri ni ule uchovu wa mtu aliyelala vibaya, akaoga maji ya moto ukaisha. Huyu alikuwa amefundisha kitu anachokipenda mpaka kikamtokea puani. Kila muhula alizima taa katika ukumbi uleule wenye pazia lililokatika ndoano, akawasha projekta ileile inayokohoa kabla ya kutoa picha, na punde tu wanafunzi wa viti vya nyuma wakaanza kukoroma. Zamani alikuwa anawafokea. Siku hizi aliwaonea wivu.

Jina la Tepu alipewa na wanafunzi, na halikuwa la kuonewa. Kamera ina taa ndogo nyekundu kwa mbele, inawaka inaporekodi, inazima inapoacha. Profesa hakutaka mtu yeyote anayepigwa picha aione taa hiyo. "Mtu akiiona tu," aliwaambia wanafunzi, "anaacha kuwa mtu, anakuwa mgeni rasmi." Kwa hiyo mfukoni mwa koti lake hakukosa tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, na kitu cha kwanza alichofanya kila alipoitega kamera ni kukata kipande na kuiziba ile taa. Kanuni yake ya pili: mazungumzo yakianza, funga kile kioo kidogo cha pembeni kinachoonyesha picha, umtazame mwenzako machoni. "Umekuja kuongea na mtu, hukuja kutazama televisheni." Wapo waliomaliza chuo miaka mingi iliyopita, leo ni wakubwa huko kwenye vituo vya televisheni, na bado wanatembea na tepu kwenye mikoba yao.

Na alikuwa na haki ya kusema, maana kazi aliifanya. Ujanani alitengeneza filamu za maisha halisi za watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Aliwapiga picha mafundi wa kuchonga mihuri. Aliwapiga picha wanawake wanaofua mashuka ya hospitali, akakaa nao kwenye mvuke mpaka wakamzoea, wakawa wanamtuma sabuni. Filamu hiyo ya mashuka ilizunguka kwenye matamasha ya nchi za mbali ikarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakitundika ofisini. Halafu wakampandisha cheo. Akawa mkuu wa idara, akawa mwenyekiti wa kamati ya kupitia mtaala, kisha mwenyekiti wa kamati ya kupitia kile ilichopitia kamati ya kwanza. Jamani, wapo watu wanaoliwa na simba na wapo wanaoliwa na vikao. Unyevunyevu ukakila kile cheti pembeni, naye alikuwa anakiona kila asubuhi na hakuwa na nguvu ya kukihamisha ukuta.

Kila mwaka aliapa kwamba likizo ikifika ataingia mtaani na kamera. Likizo ilifika na rundo la kazi za kusahihisha, na nyuma ya rundo foleni ya wanafunzi wenye visingizio. Betri ilikufa, Profesa. Mvua ilininyeshea, Profesa. Kadi imeharibika, Profesa. Hicho cha kadi, ile inayotunza picha ndani ya kamera, alikisikia mpaka akawa anamalizia yeye sentensi, mwanafunzi ndiyo kwanza kafungua mdomo.

Sasa, alikuwa na kaka. Mji mzima ulimjua kwa jina la Mnadi, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kunadi vitu vilivyotumika. Makabati ya watu wanaohama, viti vya ofisi zilizofungwa, majokofu, vitanda vya wachumba walioghairi. Sauti yake ilikuwa nene, inavuka barabara na kurudi. "Kabati hili limetunza siri za ndoa tatu," angesema, "halafu wewe unataka kulichukua kwa bei ya stuli? Huna aibu, na mkeo yuko hapo pembeni?" Watu wasiokuwa na nia hata ya kununua kijiko walikuja kumsikiliza tu, wakaondoka na meza.

Lakini nyumbani Mnadi aliifunga ile sauti kama mtu anavyofunga duka. Huko neno lake lilikuwa moja: sawa. Mke akitaka ukuta upakwe kijani, sawa. Akibadili mawazo upakwe njano, sawa. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na siku mdogo mtu alipokuja kusema anataka kwenda chuo kusomea sinema, kitu ambacho ukoo mzima haukujua kama kinasomewa, wajomba waliguna, shangazi akashika kichwa. Mnadi akasema sawa, akaenda kazini.

Na kwa miaka yote hiyo ya kuwapiga picha watu baki, Profesa hakuwahi hata siku moja kumwelekezea kaka yake kamera. Kaka alikuwapo tu, karibu, wa kumwona wiki ijayo. Mtu wa namna hiyo humpigi picha.

Ndipo sauti ya Mnadi ikaanza kukwaruza. Kila mtu akasema ni kazi, unapiga kelele mno, pumzika. Mke wake akamchemshia tangawizi mpaka nyumba ikanuka tangawizi. Walipokwenda hospitali ilikuwa uvimbe, umekaa palepale kwenye kisanduku cha sauti, na daktari akasema bila kuzunguka kwamba dawa yake ni kukitoa chote. Ataishi. Atakula, atatembea, atacheka. Kusema ndiyo basi tena.

Aliyempigia simu Profesa ni binti wa Mnadi, mwalimu wa chekechea, mtu asiyependa maneno mengi kwa sababu anayasikia kutwa.

"Baba mdogo, kesho kutwa baba anafanyiwa upasuaji. Kesho uje na kamera."

"Nitakuja, mama."

"Mwanangu hata kukaa bado hajajua. Hatamsikia babu yake maishani. Tunataka sauti yake ibaki, baba mdogo. Hicho tu. Picha tunazo."

"Nimekuelewa."

"Na usimtume mwanafunzi."

Hilo lilimuuma kidogo, kwa kuwa ni kweli alikuwa ameshaanza kufikiria yupi atumwe.

Kesho yake asubuhi alitoka kwenye kikao cha mitihani kichwa kinamgonga, akabeba kamera, stendi, vinasa sauti na mabegi yake mwenyewe hadi kwa kaka yake. Sebule ya Mnadi ilijaa vitu vilivyokosa mnunuzi: saa za ukutani ambazo hazikubaliani hata moja na mwenzake, kiti cha kinanda pasipo kinanda, taa ya mezani yenye umbo la bata. Mnadi alikuwa amevaa shati la kazini, lile la kitenge, na alikuwa amenyoa ndevu.

"Profesa kaja na duka zima," alisema, akakohoa. "Unanipiga picha au unanihamisha?"

"Kaka, tunza koo. Kaa pale."

Basi Profesa akaanza mambo yake. Akasogeza kiti, akakirudisha, akazima jokofu kwa sababu linanguruma, akasimamisha saa zote. Akamwomba shemeji yake awe nje ya mlango kwa sababu bangili zake zinagongana, na mwenye nyumba mwenyewe akatii. Akabana kinasa sauti kwenye ukosi wa kaka yake, waya wake akauchomeka kwenye kamera, maana chenyewe hakirekodi. Akakata tepu, akaiziba taa nyekundu. Akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe ili ajaribu, akahesabu mwenyewe akisikiliza: moja, mbili, tatu. Safi. Akafunga kile kioo cha pembeni.

Palepale shemeji akachungulia, "Chai yako niweke sukari?" Profesa akageuka kumjibu. Alipogeuka tena kwenye kamera, kwisha habari yake.

Nakwambia mapema, kwa sababu yeye alikuwa hajui. Kitufe cha kamera ile ni kimoja. Ukibonyeza inarekodi, ukibonyeza tena inaacha. Kamera tayari ilikuwa inarekodi tangu lile jaribio, na Profesa akasahau kuizima. Kwa hiyo alipobonyeza ili kuanza, aliisimamisha. Alipobonyeza ili kupumzika, aliiamsha. Taa ambayo ingemshtua ilikuwa chini ya tepu. Kioo ambacho kingemshtua alikifunga kwa mkono wake. Hedifoni zilimletea sauti safi kabisa, maana zenyewe hazijali kama kamera imelala au iko macho. Mtu asiyejua kazi asingefanya kosa hilo hata ungemlipa. Angekuwa anakodolea ile taa nyekundu muda wote.

Na Mnadi siku hiyo alifungua duka. Alisema atanadi sebule yake yote kabla hajaondoka, akaanza na saa: "Hizi hapa, kila moja na ukweli wake, ukinunua zote huchelewi popote!" Akamnadi bata. Akasimulia siku aliyouza jeneza kwa mtu aliyedhani ni kabati la vyombo. Sauti ilikuwa imechanika pembeni lakini bado nene, bado inavuka barabara, na jirani mmoja akazima redio ili asikie. Mwisho akashika koo, akasimama: "Na huu uvimbe je? Uko mmoja tu, haujatumika, mwenyewe anahama! Nani ananiambia bei?" Nje ya mlango shemeji alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio, na Mnadi aliposikia akaongeza sauti ili kumfunika.

Hayo yote kamera ilikuwa imelala.

Kila kipande kilipokwisha Profesa alibonyeza, na ndipo kamera ilipozinduka, ikamkuta kaka mtu anakunywa maji, ananyamaza ili kutunza kidogo kilichobaki, na mdogo mtu anaongea. Kaka, uliangalia dirishani. Kaka, ukosi wako. Kaka, ule mwisho ulikuwa mzuri lakini pikipiki ilipita, rudia. Mnadi alirudia. Lile la jeneza alilirudia mpaka sauti ikawa inatoka vipandevipande.

"Umepata?" aliuliza hatimaye, kwa mnong'ono.

"Nimepata, kaka. Pumzika."

Wanafunzi wake wote aliwafundisha kwamba huondoki mahali kabla hujatazama ulichorekodi. Lakini kaka alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho, na yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa uchovu, na si alisikia kwa masikio yake? Akafunga mabegi, akaondoka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mnadi alirudi nyumbani na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe, mwembamba, mwenye macho makubwa. Binti yake akatangaza kwamba Jumapili watakaa wote watazame. Jumamosi Profesa alikwenda ofisini, akachomeka kadi kwenye kompyuta ya mkononi, akajitengenezea kahawa, akakaa.

Picha ya kwanza: kaka yake amekaa tu, kinasa kiko ukosini, na sauti ya Profesa inahesabu moja, mbili, tatu. Sawa, hilo ni jaribio. Ya pili: Mnadi anakunywa maji. Kutoka nje ya picha, sauti ya mtu anayetoa maagizo. Ya tatu: Mnadi anafuta jasho, na sauti ileile. Alifungua ya nne, ya tano, akaziruka, akaenda mwisho, akarudi mwanzo. Alielewa kabla akili haijakubali, na ilipokubali alishika tama akakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa na mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu humu ndani.

Nisikufiche, alifikiria kudanganya. Kadi imeharibika. Maneno yalikuwa yameiva mdomoni, ameyasikia maisha yake yote, na pale kwa Mnadi nani anajua chochote kuhusu kadi? Wangemhurumia. Binti angesema si kosa lako, baba mdogo. Jumapili alitembea njia nzima, kompyuta begani, akiyafanyia mazoezi, hata akaona aongeze kwamba amempelekea fundi akashindwa.

Alikuta viti vimepangwa. Binti kampakata mtoto, shemeji kavua bangili zake zote bila kuambiwa, na Mnadi yupo katikati, na shati lake la kazini, anatabasamu. Alikuwa anasubiri kuisikia sauti yake. Profesa alifungua mdomo aiseme kadi, akaona yale macho.

"Sikurekodi," alisema. "Nilibonyeza vibaya tangu mwanzo. Kaka, kila ulipokuwa unaongea kamera ilikuwa imezima. Ilirekodi tukiwa tunapumzika."

Binti akauliza polepole, "Yote?"

"Yote."

"Na ule mnada wa uvimbe?"

"Haupo, mama."

"Wewe si ndiye unayewafundisha watu?" Alisema hivyo halafu akaona haya, akainama kumfuta mtoto mdomo uliokuwa mkavu.

Shemeji ndiye aliyesema, "Kilichopo kiweke."

Akakiweka. Sebule ikajaa sauti ya Profesa. Kaka, kaa wima. Kaka, usiguse kinasa. Hapana, mkono wa pili. Rudia, na safari hii usicheke kabla ya wakati. Ilikuwa na ukali ambao hakuwahi kujua anao, ukali wa mtu anayefundisha saa ya mwisho ya siku ya mwisho ya juma. Na kaka yake, akitunza koo, alijibu neno mojamoja. Sawa. Hivi? Sawa. Nirudie tena? Sawa, mdogo wangu. Mahali pamoja tu alijinyoosha akasema sentensi nzima: "Umechoka wewe, unaonekana. Unalala kweli?" Sauti ya Profesa ikajibu juujuu, "Usijali mimi, kaka, tazama hapa."

"Baba mdogo," alisema binti, na hakuwa anamkejeli, alikuwa anauliza kweli, "kwani ulikuwa hunyamazi?"

Machozi yalimtoka Profesa, mtu mzima yule, akayaacha yatoke.

"Toa sauti yako humo," akasema shemeji. "Mimi nataka ya mume wangu."

"Shemeji, nikiitoa yangu kinabaki kidogo sana."

"Kidogo hichohicho. Itoe."

Hiyo sasa ilikuwa kazi anayoiweza kuliko zote. Akavuta kompyuta karibu, akaanza kujikata. Kaka, kaa wima: akaifuta, ikabaki "sawa." Rudia: akaifuta, ikabaki "sawa." Vipande vya Mnadi vikawa vinafuatana, sawa, hivi, sawa, mtu anayekubaliana na chumba kitupu. Shemeji alisogeza sikio karibu, kafumba macho, anaitikia kwa kichwa taratibu kila mume wake anapokubali.

Alipofika pale kwenye "Usijali mimi, kaka," mkono ukatua juu ya mkono wake. Ulikuwa mkono wa Mnadi. Ulikandamiza kipanya kisisogee.

"Nini?" aliuliza mke wake. "Unataka maji?"

Mnadi akatikisa kichwa. Akaonyesha kompyuta kwa kidevu, akamwonyesha mdogo wake, akajigonga kifuani, akaviunganisha vidole viwili vya mkono uliobaki huru.

"Unataka iachwe? Na yeye humo ndani?"

Mnadi akaitikia kwa kichwa.

"Lakini anakufokea, baba! Humsikii anavyokufokea?" alidakia binti yake.

Mabega ya Mnadi yakacheka bila sauti, kitambaa cheupe kikapanda na kushuka shingoni. Shemeji naye akajaribu, kwamba wao wanataka sauti yake peke yake, kwamba mtoto atakuja kuuliza huyu mkali ni nani. Mnadi akakataa kwa kichwa, mara hii kwa nguvu, uso umekunjamana. Mke wake akamtazama. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona mtu huyo akimkatalia kitu.

"Haya basi," alisema, akavuta kiti. "Irudishe ilivyokuwa."

Profesa akarudisha kila alichokifuta, akaanza upya. Alitamani kutoka nje, aende popote, uani hata kwa majirani, asiisikie tena ile sauti inayomwamuru mgonjwa akae wima. Lakini mkono wake ulikuwa bado chini ya mkono wa kaka yake, na kaka hakuuachia, ikambidi akae ajisikilize mpaka mwisho.